Toa Mbili, Unyevu

Mtu asiyemjua Nyanjige angesema mwanamke huyu halei watoto, anawakimbia. Asubuhi wakishaimba, wakishahesabu vidole na kuachiwa wacheze, yeye huvuta kigoda chake hadi mlangoni, akaketi akiwapa mgongo wote arobaini na mmoja, ungo wa choroko mapajani, akaanza kupepeta. Mtoto akilia hageuki. Wawili wakigombania kopo hageuki, ila atasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na choroko, "Kulwa, rudisha, si lako," na Kulwa atarudisha huku akitafuta lile jicho lililoko kisogoni mwa mwalimu.

Jicho la kisogoni hakuwa nalo. Alikuwa na masikio, na alikuwa na ujanja mmoja: anayepepeta hugeuza uso kando kukwepa vumbi, na nani atamshuku mtu anayekwepa vumbi? Hapo ndipo alipoona. Hilo alijifundisha mwenyewe mwaka wake wa kwanza, alipotambua kwamba mtoto akijua anatazamwa huacha kuwa mtoto, anakuwa mgeni. Husimama wima, hufuta kamasi, hujibu "ndiyo mwalimu" hata ukimuuliza anaitwa nani.

Chekechea yenyewe ilikuwa ghala. Zamani lilikuwa la chama cha msingi cha hapo Nkoma, likijaa pamba mpaka mlango unakataa kufunga. Kisha wakubwa wakasema biashara iwe huru. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, chama kikabaki na muhuri na mlinzi, na baadaye mlinzi naye akaenda zake. Ghala wakapewa watoto. Kwenye boriti ilibaki ndoano ya mizani ya zamani, na kamba yake ikining'inia hadi usawa wa kifua cha mtoto. Nyuma kilibaki chumba cha mlinzi, na humo ndimo Nyanjige alimolala.

Alikifikia chumba hicho kwa njia ndefu. Alimaliza darasa la saba akiwa wa pili shule nzima, na ualimu aliutaka. Baba yake alitaka ng'ombe. Ng'ombe wakaja, Nyanjige akaenda Mwandoya kwa mume. Huko alifundisha kisomo cha watu wazima, jioni jioni, akiwashika mikono wazee waandike majina yao, na ndiyo miaka pekee ya ndoa ile aliyokuwa akiitaja. Mume alipooa wa pili na wa pili akaleta maneno, Nyanjige hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akarudi Nkoma, akakuta kaka zake wameshaligawana shamba la baba na kila mmoja ana sababu nzuri. Hakuwabembeleza. Aliomba ghala na ufunguo wa chumba, akaanza kulea watoto wa wanaokwenda palizi. Wazazi walimlipa debe la mahindi kila muhula, wengine debe lenye kina kifupi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na vitu vyake vyote duniani vilikuwa ni ufunguo ule na watoto wa watu.

Ufunguo huo ndio Marcelo aliutaka.

Marcelo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chekechea, na tena wakala wa kampuni moja ya kununua pamba. Mtu mnene wa maneno, mwenye kofia aliyopewa na kampuni na asiyeivua hata kanisani mpaka padri amtazame. Mkewe alikuwa na mdogo wake, Elina, amekaa Malampaka karibu na stesheni ya treni, ana cheti cha kidato cha nne na hana la kukifanyia. Marcelo alikuja mlangoni mwa ghala mwezi wa saba, msimu wa pamba ukiwa umefunguliwa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Kisukuma, kama mtu anayemheshimu mama.

"Mwangaluka."

"Mayu, dunia imebadilika. Sasa ni ushindani. Pamba ina gredi, na mwalimu naye ana gredi."

"Na mwenyekiti?" Nyanjige aliuliza, akipepeta.

Marcelo alicheka kicheko cha kumsamehe mjinga. "Kuna mtaalamu anakuja kutoka mjini. Atakutazama. Atasoma ripoti kwenye mkutano wa wazazi mwezi ujao. Ikiwa mbaya, shemeji yangu yuko tayari, na kwa kuwa anatoka mbali, chumba atakihitaji. Usione nimekuonea."

"Nisione," Nyanjige alisema.

Neno alikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa na uzito. Alilimeza kwa sababu moja: lilikuwa la mtoto. Nyanjige alikuwa na sheria yake, hakuandikiwa na mtu. Unachokiona kwa mtoto akicheza, unamrudishia mama yake pembeni, au unakimeza. Hukipeleki kisimani, wanakosengenyana watu.

Mtaalamu akaja. Aliitwa Method, kijana msafi aliyefika kwa pikipiki ya mradi na ubao wa kuandikia wenye kibanio. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa: pamba ya binafsi, mitumba, dawa za kuuzwa mnadani, na vijana wa kuja kutazama watoto wa wenzao. Method aliweka kiti katikati ya ghala, akakaa, akatoa saa. Akamweleza Nyanjige kwamba watoto hutazamwa kwa njia. Kuna njia ya saa: kila dakika tano unamtazama mtoto mmoja na kuandika anachofanya. Kuna njia ya orodha: mambo yameandikwa, mtoto akiweza unatia alama ya vema, asipoweza unatia alama ya kosa. Na kuna njia ya maelezo, ambayo ni ngumu, wanaiweza waliosoma.

"Na ya ungo?" Nyanjige aliuliza.

"Ya nini, mama?"

"Endelea, mwanangu."

Alianza na njia ya saa. Watoto walipomwona mwanamume msafi ameketi na karatasi na saa, wakajua ni wa sindano za chanjo. Dakika ya tano hawakusogea. Dakika ya kumi hawakusogea. Dakika ya kumi na tano mmoja alijikojolea, naye Method akaandika. Mpaka saa nne alikuwa amejaza karatasi nzima neno moja, *ametulia*, na akamwambia Nyanjige kwamba darasa lina nidhamu lakini halina uchangamfu.

Njia ya orodha ikawa nzuri zaidi. Method alimwita Kulwa, akamwonyesha kifuniko chekundu cha plastiki.

"Hii rangi gani?"

Kulwa alikitazama kwa heshima. "Ya ng'ombe wetu aliyekufa."

Alama ya kosa.

Akamwita Winnie, binti wa Marcelo mwenyewe, mtoto wa miaka mitano mwenye macho ya kuuza na kununua. Akampangia visoda kumi mezani. "Viko vingapi?"

Winnie alimtazama Method, akatazama visoda, akatazama mlango. Hakufungua kinywa.

"Ukitoa viwili vinabaki vingapi?"

Kimya. Method akatia alama mbili za kosa na kuandika kando: *Hajui kuhesabu. Hajui kutoa. Huenda ana tatizo la lugha.*

Nyanjige alikuwa mlangoni na ungo wake. Choroko zilimponyoka, akacheka peke yake mpaka akalazimika kujifanya amepaliwa na vumbi. Winnie hajui kutoa. Mtoto yule kwa kutoa alimshinda karani wa kampuni.

Kabla ya kuondoka Method akaandika sentensi yake juu ya mwalimu: *Mwalimu huwapa watoto mgongo muda wote.* Akamsomea ili isionekane amemsengenya. Lakini hakuwa kijana mbaya, alikuwa kijana aliyefundishwa, na aliona huruma. Akamwachia daftari jipya.

"Bado wiki tatu mkutano ufike, mama. Jaribu ile njia ya maelezo, itakusaidia kwenye ripoti. Andika unachokiona na kukisikia, basi. Usiongeze, usipunguze, usiweke maoni. Na usiandike jina, andika herufi. Jina la mtoto ni siri."

"Mtoto akitukana?"

"Andika tusi."

"Kama lilivyo?"

"Kama lilivyo."

Nyanjige alilidharau daftari lile siku mbili nzima. Siku ya tatu akaliweka chini ya ungo, kalamu sikioni. Mkono wake ulikuwa na njaa; tangu kisomo cha Mwandoya haukuwa umeandika kitu kirefu kuliko orodha ya madebe. Ukaandika.

*Mtoto K. ameketi. Anatazama kidonda chake cha goti. Anakipuliza. Anamwonyesha mtoto S. Mtoto S. anasema: Changu kikubwa. Hana kidonda.*

*Mtoto M. anampikia mwenzake uji wa mchanga. Mwenzake anakataa. Mtoto M. anasema: Kula, baba yako hajatuma kitu.*

Aliandika hivyo kila siku, herufi nzuri za darasa la saba la zamani. Na kwa kuwa aliambiwa asipunguze, aliandika pia mchezo uliochezwa kuliko yote msimu ule, mchezo wa mizani kwenye ile kamba ya ndoano. Akaujaza ukurasa mzima. Akaufunga, akajiambia ni daftari tu, nalo liko chini ya choroko.

Siku ya mkutano wazazi waliketi ghalani juu ya magunia, kanga na kofia, vumbi la shamba bado miguuni. Karibu wote walikuwa wameshampelekea Marcelo pamba msimu ule. Marcelo alikaa mbele kwenye kiti, mguu juu ya mguu, Elina kando yake amevaa viatu vya kisigino kwenye sakafu ya ghala. Godoro lake lilikuwa limeshafika kutoka Malampaka, limeegemezwa ukuta wa nje, karibu kabisa na mlango wa chumba cha Nyanjige. Kila aliyeingia aliliona, na kila aliyeliona alijifanya hakuliona.

Nje, kabla ya kuanza, Method alichukua daftari akatafuta mfano wa kuwasomea watu. Nyanjige alimfungulia ukurasa wa kidonda.

"Huu mzuri," Method alisema, "lakini hauna hesabu." Akafungua mbele mwenyewe. Akasoma kimya. Macho yakamtoka. "Mama, huu hapa una kila kitu. Una hesabu, una lugha, una kuigiza. Ungenionyesha huu siku ya kwanza."

"Huo si wa watu, mwanangu."

"Herufi tu iko hapa. Jina halipo."

"Nimesema si wa watu."

"Mama, hii ni kazi bora kabisa. Usione aibu."

Nyanjige alimtazama. Angeweza kumwambia. Angeweza kumnyang'anya, mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya kijana yule. Upande wa kulia aliona lile godoro, limefungwa kamba kama mtu aliyekuja kukaa. Alishasema mara mbili. Mara ya tatu, alijiambia, ni kubembeleza, na kubembeleza hakuwahi kujua. Akaingia ndani, akaketi nyuma kabisa.

Method alisimama mbele, akakohoa, akasoma kwa sauti ya redio.

"*Mtoto W. anafunga kopo la mchanga kwenye kamba. Mtoto K. anasema: Pamba yangu, pima. W. anasema: Sogea, unanikalia mizani. W. anaweka goti chini ya kopo. Kopo linapanda. W. anasema: Kumi. K. anasema: Si kumi na tano? W. anasema: Mzigo unayumba, nautuliza.*"

Watu walicheka. Marcelo naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, kwa maana mtu haijui sauti yake mwenyewe.

"*K. anasema: Basi kumi. W. anasema: Toa mbili, unyevu. K. anasema: Haina unyevu. W. anatia kidole kwenye kopo, anakinusa. Anasema: Pamba ya sasa imekunywa maji, mayu. Nane. Anayefuata.*"

Safari hii kicheko kilianza kikafia njiani. Maneno yale kila mmoja pale alikuwa ameshaambiwa, na kidole kile kila mmoja alikuwa amekiona kikinuswa. Goti ndilo hawakuwahi kulifikiria. Mwaka wa tatu sasa Marcelo anatuliza mizigo kwa goti, na walikuwa wakimshukuru.

Method aliona ukimya, akadhani ni watu wanaojifunza. Akapata nguvu. "Mmesikia? Mtoto huyu anajua kutoa. Kumi toa mbili, nane. Tena hakufundishwa kwa ubao. Mtoto wa umri huu huiga kile anachokiona kila siku."

Apolonia, bibi yake Kulwa, mwanamke mkavu aliyelima ekari tatu za pamba kwa mkono, aliinua kidole kama mwanafunzi. "Mwalimu wa mradi, nieleweshe mimi mjinga. Anamwiga nani?"

"Mtu mzima aliye karibu naye zaidi, mama. Kwa kawaida ni mzazi."

"Kwa kawaida," Apolonia alisema. "Na huyo W. ni wa hapa hapa?"

"Jina ni siri, mama. Ndiyo kanuni yetu."

"Kanuni nzuri. Ikae hivyo hivyo."

Wazazi wakamgeukia Marcelo. Walitazama tu. Hawakumtazama usoni, walitazama goti. Marcelo alishusha mguu uliokuwa juu ya mwenzake, akaona haitoshi, akavua kofia ya kampuni akaiweka juu ya goti.

"Tuendelee na ajenda," alisema. "Ajenda ya mwalimu."

"Ajenda ipi hiyo, mwenyekiti?" Apolonia aliuliza, mpole kama maziwa.

Marcelo alitazama magunia, akatazama daftari mkononi mwa Method. "Tunaiahirisha," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapohitajika."

Watu walipotawanyika alimfuata Nyanjige nyuma ya ghala, pale penye godoro.

"Wewe umeandika."

"Niliambiwa niandike."

"Ungeruka."

"Niliambiwa nisiongeze wala nisipunguze. Kupunguza kuna watu wake."

 Kofia ilizunguka mikononi mwa Marcelo. "Humo kuna mengine?"

"Daftari lina kurasa themanini na nane. Nimefika ya thelathini."

"Ya nyumbani kwangu?"

"Ya watoto. Ya nyumbani unayajua wewe." Kisha akamsogelea, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na mzaha. "Winnie asiguswe, baba Winnie. Ukimpiga leo, kesho atacheza mchezo wa kupigwa. Na mimi nitakuwa mlangoni napepeta."

Elina alirudi Malampaka na godoro lake, akisema vumbi la Nkoma lilikuwa linamharibu kifua. Method aliandika ripoti ndefu iliyomsifu Nyanjige kwa njia ya maelezo, na mjini wakamsifu Method kwa kumfundisha. Sentensi ile ya kwanza hakuifuta. Chini kabisa, kwenye ushauri, aliandika: *Mwalimu ajitahidi kuwageukia watoto.*

Ufunguo ukabaki kwa Nyanjige. Lakini Winnie hakuja kwenye kamba. Siku ya kwanza baada ya mkutano alikuja mlangoni, akachuchumaa karibu na ungo, akaanza kuokota mawe kwenye choroko.

"Nenda kacheze," Nyanjige alisema.

"Baba kasema nisicheze mizani kwako."

"Cheza kupika."

"Kupika sipendi."

Akaokota jiwe, akaliweka kando, akaokota jingine. Siku nne mfululizo mtoto yule aliokota mawe kama mtumishi wa mjini, naye Nyanjige akapepeta choroko zilizokwisha kupepetwa. Alijua alichokifanya. Alikuwa amechukua kitu cha mtoto akakipeleka kisimani, akarudi na ufunguo. Kusema kwamba aliyesoma ni Method ilikuwa kweli, kweli ya aina ile ya Marcelo, ya kutuliza mzigo usiyumbe. Jioni ya nne aliichana ile karatasi ya mizani kwenye daftari, akawashia jiko.

Siku ya tano alimwambia Winnie, bila kugeuka, "Ile kamba imekaa bure. Kulwa anapima vibaya, anawapa watu kilo za bure. Ataharibu biashara."

Winnie aliweka chini jiwe alilolishika. Akapangusa mikono kwenye gauni, akaenda.

Nyanjige alipepeta. Nyuma yake alisikia kopo likifungwa kwenye kamba, Kulwa akilalamika anasukumwa, kisha sauti ya mtu wa kazi.

"Sogea, unanikalia mizani."

Vumbi la choroko likapanda, akageuza uso kando kulikwepa. Winnie alikuwa amesimama mbali na kopo, miguu pamoja, magoti yote mawili mahali peupe pa kuonwa na kila mtu, mikono nyuma kama mtu anayepigwa picha.

"Kumi na tano," Winnie alisema.

"Eeh," Kulwa alisema, akifurahi.

Winnie akatia kidole kwenye kopo. Hakukinusa. Alikisugua kwa kidole gumba, polepole, kwa masikitiko.

"Toa nne," alisema. "Mchanga."

Nyanjige alirudisha uso kwenye choroko. Kalamu ilikuwa sikioni. Aliiacha huko huko, akacheka chini chini mpaka ungo ukatikisika, na mchana, Apolonia alipopita akielekea kumuuzia Marcelo, kitita cha pamba kichwani, alimwamkia, akamuuliza habari za shamba, kisha akamuuliza kama pamba yake ameipepeta mchanga mbele ya mashahidi.

"Kwa nini?" Apolonia aliuliza.

"Nimeuliza tu," Nyanjige alisema, akavuta kigoda, akawapa watoto mgongo.